Anti, kadi ya mpiga kura ninayo, nijiandikishe tena ya nini? (Barua za Oktoba 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa)

SWALI: Shikamoo Anti. Najua huku kwako watu wanaleta mambo ya michepuko na mawifi lakini mimi leo nina la uchaguzi, usinicheke. Naishi Mbagala mwaka wa tatu sasa, mpangaji, chumba kimoja, naendesha boda. Juzi wamepita na spika wanasema tukajiandikishe uchaguzi wa serikali za mitaa, wakati mimi kadi ninayo tangu 2020 nimeihifadhi vizuri tu. Halafu mtaa wenyewe sio kwetu, kwetu Songea, na 2019 si walipita bila kupingwa karibu nchi nzima? Sasa nikapoteze abiria wa asubuhi kwa kitu gani?
Mpangaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, sikucheki, afadhali wewe, wiki hii nimeshasoma barua nne za mawifi.

Tuanze na kadi. Hiyo ni ya daftari la kudumu la wapiga kura la Tume ya Uchaguzi, ni ya rais, mbunge na diwani, mwakani 2025 ndo utaitumia. Huu wa mwezi wa kumi na moja unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na una orodha yake yenyewe, haihusiani na ile. Jina lisipokuwemo, Jumatano ya Novemba 27 utaenda na kadi yako inang'aa na watakurudisha. Kujiandikisha ni Oktoba 11 mpaka 20 tu, siku kumi. Kadi usiitupe lakini, siku ya kura inafaa kama kitambulisho.

La Songea nalo liache. Hawakuulizi hati ya nyumba wala mababu zako wamezikwa wapi, wanataka uwe Mtanzania, umefika miaka 18 na unaishi hapo mtaani, basi. Na nyie wapangaji ndo mnanishangaza kabisa, maana mwenye nyumba akitaka kitu anampigia mtu simu, wewe mpangaji kila kitu chako kinapitia ofisi ya mtaa. Unataka namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa. Ndugu yako kashikwa unaenda kumdhamini, barua ya serikali ya mtaa. Hiyo boda kama umeichukua kwa mkopo nina uhakika walikuuliza barua ya serikali ya mtaa. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na sasa imerudi, kikundi chenu mkitaka kuomba mtaa ndo unawatambulisha. Mbunge unaweza usimuone miaka mitano ukaishi tu, jaribu kuishi bila muhuri wa mtaa uone.

Ngoja nikwambie la kwangu. Mtaa niliokaa zamani, siutaji, mwenyekiti alikuwa anauza muhuri. Elfu tano, na kama una haraka elfu kumi. Tulimsema kibarazani, tulimsema kisimani, tulimsema mpaka msibani. Siku ya kura mimi nilikuwa saluni nasuka, tupo wanawake tisa, wote wa mtaa ule ule, tunamsema. Akashinda kwa kura saba! Mpaka leo nikipita ile saluni naona aibu.

Hilo la 2019 sitakudanganya, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti, na mtu aliyekata tamaa pale siwezi kumwambia kakosea. Ila ukikaa nje ya orodha umeshajiengua mwenyewe kabla hata hawajakuengua, na wagombea wenyewe utawajua baadae, wewe kwanza uwe na jina. Abiria wa asubuhi wabebe, kituo utakipita mara sita kwa siku, mara moja simamisha boda uandikwe, ni jina na umri na saini, abiria mwingine hata hajamaliza kunywa chai yake.

SWALI: Anti, niko kijijini huku Kilosa. Mume wangu kaenda kujiandikisha, mimi akaniambia nyumba moja inatosha jina moja, nisijisumbue. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli, dada yangu. Kila mtu na jina lake na kura yake, na ni ya siri, hata ulichochagua huna lazima ya kumwambia. Na wewe wa kijijini ndo una kura nyingi kuliko sisi wa mjini maana unachagua mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na wajumbe wa viti vya wanawake. Hiyo halmashauri ndo inasimamia ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na Kilosa kwa ugomvi wa mashamba na mifugo sina haja ya kukufundisha. Siku shamba lenu likiingia kwenye mzozo, au Mungu apishe mbali ukabaki mwenyewe na shemeji wanalipigia hesabu, hao wajumbe ndo watakaokaa mezani. Mwambie mume kwa upole unaenda sokoni, na kituo kiko njiani. Huo sio uongo.

SWALI: Balozi wa nyumba kumi naye tunamchagua siku hiyo?

JIBU: Hapana, huyo ni wa chama, hayupo kwenye karatasi. Na mtendaji wa mtaa naye humchagui, ni mwajiriwa. Akikusumbua, mwenyekiti na kamati ya mtaa ndo wa kumkalia kooni, kwahiyo wachague wenye ubavu huo. Mwisho wa kuandikwa Jumapili tarehe 20, ukitoka kanisani pitia.