Sijawahi kuchimba: naweza kujitolea kwenye uchimbaji wa akiolojia nje ya nchi?

Swali: Sijasomea akiolojia, ila nimepata mradi wa uchimbaji ng'ambo unaopokea wanaojitolea. Wanataka nilipe ada. Je, huu si utapeli? Na nikiharibu kitu cha miaka elfu mbili itakuwaje?

Jibu: Ada peke yake si dalili ya utapeli. Mara nyingi ndiyo inayowalipa wasimamizi na kugharimia uhifadhi wa vitu vilivyopatikana, kazi inayoendelea hata baada ya nyinyi kurudi makwenu. Waulize mambo mawili: kibali cha kuchimba kimetolewa na nani, na vitu vikishatoka ardhini vinapelekwa wapi? Wakikuzungusha, achana nao. Viza nayo iulizie mapema, maana si kila nchi inayoruhusu kujitolea kwa viza ya utalii. Na uhakikishe umechanjwa pepopunda.

Hofu ya kuharibu ni nzuri, baki nayo. Ila wageni wengi hawaharibu kwa kuvunja, wanaharibu kwa kung'oa. Unakwangua udongo, ukingo wa chungu unachungulia, vidole vinawasha, unauvuta. Kigae unacho mkononi, lakini hakuna tena anayeweza kusema kwa hakika kililala katika tabaka lipi, na tabaka ndilo linalotupa umri. Kiache palepale, mwite msimamizi. Wala usikichimbie kishimo pembeni. Teremsha eneo zima kwa usawa.

Mwiko tunaotumia ni kama ule wa mwashi, ila mdogo. Tumia ukingo wake, si ncha. Vuta kuja kwako huku ukirudi nyuma, usije ukapiga magoti pale ulipokwisha kusafisha. Macho yawe kwenye rangi. Duara la udongo mweusi ndani ya udongo wa manjano huenda ni shimo la nguzo iliyooza. Hapo hakuna cha kuokota, na pengine ndiyo nyumba yenyewe hiyo. Udongo ukikauka rangi hufifia, kwa hiyo nyunyiza maji kidogo.

Kwa anayeanza, mimi hupenda kutaja Vindolanda, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, ambako wasio na uzoefu hupokelewa kuchimba. Mwaka 1973 zilitoka humo mbao nyembamba ambazo ungedhani ni maranda ya seremala. Mbili zilikuwa zimegandana. Zilipobanduliwa, ndani mlikuwa na maandishi ya wino. Zilidumu kwa sababu matabaka yale yenye unyevu hayakuwa na hewa ya oksijeni. Zilipotoka nje wino ukafifia upesi, ikabidi zipigwe picha za infraredi, yaani kwa mwanga usioonekana kwa macho, ndipo zisomeke.

Kwa hiyo mti wenye unyevu usiuanike juani, na chuma usikioshe. Na ndoo yako ya udongo, hata ukiona ni takataka tupu, usiimwage kabla hujaambiwa inamwagwa wapi. Mara nyingi ni kwenye chekecheo.