Mzee wa Karakana Anajibu: Garrett na Garratt

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu babu alikuwa dereva wa treni za Garratt, Tororo hadi Kampala, enzi za Reli ya Afrika Mashariki. Juzi binamu yangu aliyeko Uingereza katuma picha ya injini kuukuu ya mvuke yenye kibao "Richard Garrett & Sons, Leiston". Nimewaambia watu nyumbani kuwa hiyo ndiyo familia iliyounda treni za babu. Shemeji anabisha mpaka chai inapoa. Nani mkweli?
Msomaji, Walukuba, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji kashinda, ila usimwachie ushindi wote.

Hao wa Leiston asili yao ni uhunzi. Richard Garrett alianza mwaka 1778 katika mji huo mdogo wa Suffolk, akifua mundu na zana nyingine za makali. Mwanawe, naye Richard, akaoa binti wa fundi wa mashine za kupura nafaka, na posa hiyo ililipa: mashine za kupura zikawa bidhaa ya nyumba. Mjukuu, Richard wa tatu (kwa majina hawakujisumbua), ndiye aliyekuza kiwanda hasa. Baada ya Maonyesho Makuu ya London ya 1851, mwaka uliofuata alijenga jengo refu, wao wanaliita Long Shop. Injini ilianzia mwisho mmoja ikiwa boila, ikasogezwa hatua kwa hatua huku vipuri vikiteremshwa kutoka roshani za pembeni, ikatokea mwisho wa pili imekamilika. Sifa hii watu humpa Ford, ambaye laini yake ya magari ilianza kusogea 1913!

Injini zile zilikuwa na magurudumu lakini hazikujiendesha. Farasi walizivuta hadi shambani, ukafungwa mkanda, mashine ya kupura ikazunguka. Tena, Elizabeth Garrett Anderson, mwanamke wa kwanza kufuzu udaktari Uingereza, 1865, alikuwa mtoto wa Newson, ndugu wa huyo Richard wa tatu.

Garratt wa babu yako ni mwingine kabisa. Herbert William Garratt alikuwa injinia wa reli, hana undugu na watu wa Leiston. Alipata hataza mwaka 1907, na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ikaunda mbili za kwanza, zikapelekwa Tasmania 1909. Boila ilikaa kwenye fremu katikati, ikining'inia kati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigeuka kivyake. Kwa hiyo treni ndefu ilipinda kona kali bila taabu, na uzito ukagawanyika kwenye reli zetu nyembamba za mita moja. Na kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na magurudumu, tanuri liliweza kuwa pana na lenye kina. Zile za daraja la 60 zilizofika kwetu zilikuwa na magurudumu 28. Nilipoanza kazi Tororo nikiwa kijana, mimi ndiye niliyesugua kibao cha shaba ubavuni, kwa kitambaa na mafuta ya taa, mpaka jina la Beyer, Peacock ling'ae. Masizi yalirudi kabla ya jioni.

Sasa kipande chako. Mwaka 1919 Garrett wa Leiston waliingia kwenye muungano wa viwanda vya mashine, ambao ulianguka 1932. Aliyenunua kiwanda cha Leiston ni nani? Beyer, Peacock! Kwa hiyo treni za babu zilipoundwa miaka ya 1950, Leiston na Manchester zilikuwa na mwenye mali mmoja. Huo si undugu wa damu, lakini shemeji hawezi kukuambia kwamba hawajuani.

Manchester ilifunga 1966, Leiston mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jengo lile refu leo ni makumbusho. Ukitaka kugusa Garratt kwa mkono, panda basi hadi Makumbusho ya Reli, Nairobi, uulize Mount Gelai, ya daraja la 59. Mchukue na shemeji. Nauli juu yako.