Difu ya mbele inavuma: kagua shafti kabla ya kununua difu

Kaka, umesema Range Rover yako ya 2004 inavuma mbele ukifika 60, ukiweka D inagonga, na fundi hapo Tanga anataka mbadilishe difu nzima, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Usitoe hela bado.

Matoleo ya 2003 hadi 2005 yana ugonjwa unaojulikana: propela shafti ya mbele (bomba linalozunguka kupeleka nguvu kwenye difu) na difu yenyewe hazikai mstari mmoja, basi meno ya shafti yanaliwa pale yanapoingia kwenye difu. Ing'oeni, myaone kwa macho. Yakiwa yamechongoka, difu mpya na shafti ileile ni kazi bure.

Oili ya difu nayo isemeshe. Legeza kwanza nati ya kujazia. Ikigoma, usimwage, utabaki na difu tupu. Uji laini wa kijivu kwenye oili si tatizo. Vipande vya chuma maana yake beringi au meno yamekwenda, na hapo usithubutu kupanda nayo Lushoto, maana difu ikijifunga mwendoni gari linakushinda. Oili nyeupe imeingia maji, zibueni kipumulio, kile kitundu cha hewa cha difu. Jazeni oili ya gia ya 75W-90, gari likiwa limekaa tambarare, mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia.

Mvumo ukibadilika kwenye kona, shuku beringi za magurudumu.

Difu iliyotumika? Uwiano wake wa meno lazima ulingane na wa difu ya nyuma.