Kabla ya kununua tangi la haidrojeni, iga mwaka mzima kwanza

Kituo kimoja cha afya kwenye visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, wilaya ya Kalangala, Uganda, kilituomba tuwapangie umeme wa sola. Petroli ya jenereta yao huletwa kwa mtumbwi. Mimi nilikuwa na hamu kubwa na haidrojeni: mchana umeme unaobaki upasue maji, gesi ihifadhiwe tangini, usiku seli ya haidrojeni iigeuze tena kuwa umeme. Hamu hiyo bado ninayo. Ila simulesheni yangu ya kwanza, yaani kuuiga mfumo huo kwa kompyuta, ilinipa majibu matamu mno, na nikagundua sababu nikiwa nimechelewa.

Niliipa programu wastani wa jua wa kila mwezi. Sisi tuko kwenye ikweta, miezi yetu hukaribiana, kwa hiyo mchoro ukatoka umenyooka. Lakini mawingu ya msimu wa mvua huweza kukaa siku tatu mfululizo, na wastani huyafuta. Tumia data ya saa kwa saa, saa zote 8,760 za mwaka. Tovuti za PVGIS na NASA POWER hutoa data hiyo bure.

Halafu fanya hesabu hii kwa mkono kabla ya kuiamini kompyuta. Kutengeneza kilo 1 ya haidrojeni hutumia umeme wa kama uniti (kilowati-saa) 52. Ukiipitisha kwenye seli, unarudishiwa kama uniti 16. Yaani kituo kikihitaji uniti 10 usiku, mchana lazima uvune zaidi ya 32, wakati betri ya lithiamu ingetosheka na 11 hivi. Paneli ya kilowati 1 huku kwetu ikikupa uniti 4 kwa siku, hizo ni kilowati 8 za paneli dhidi ya 3. Na kilo hiyo moja, kwa shinikizo la bar 30 (kama mara 30 ya hewa ya kawaida), inajaza nafasi ya lita 400, sawa na mapipa mawili makubwa.

Ndiyo maana sasa usiku wa kawaida naupa betri, na haidrojeni naiweka kwa zile siku za mawingu tu.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona watu wakionyana. Ukianza simulesheni na tangi limejaa, mwaka wote utapendeza, kumbe unakula akiba ambayo hakuna aliyeizalisha. Endesha miaka miwili mfululizo, kisha linganisha tangi la mwanzo wa mwaka wa pili na la mwisho wake. Likipungua, paneli hazitoshi.

Usisahau pia kwamba mashine ya kupasua maji, hasa ile ya aina ya alkali, hujizima pale umeme unaoingia unaposhuka chini ya kiwango inachohitaji. Pampu na kisafisha maji navyo vinakula umeme, na maji ya ziwa hayaingii humo bila kuchujwa hadi chumvi zote ziishe.

Matumizi ndiyo niliyoyakosea zaidi. Niliyakisia nikiwa Kampala. Sista wa zamu aliponiona na karatasi zangu akaniambia, "Mwanangu, akina mama wengi hapa wanajifungua usiku." Taa, mashine ya kufyonza, kichemshia vifaa, vyote nilikuwa nimeviweka mchana. Tulimwachia mita ya kupima umeme pale kwenye ubao wa swichi, ikae wiki mbili, na namba zake ndizo nitakazoingiza safari hii.