Mfumo wa ghala: anza na anwani za rafu

Mkuu, umeuliza kama ukinunua programu ya ghala utapunguza vijana wa stoo. Mimi ni stoo kipa wa vinywaji na vipodozi hapa Dar, miaka minne nilitumia leja na mitano sasa natumia mfumo. Vijana ni walewale sita. Kilichopungua ni kutafutana na mzigo.

Zamani oda ikija, swali la kwanza lilikuwa "Juma aliziweka wapi zile sabuni?" Juma akiwa msibani, mteja anasubiri. Kabla ya kufunga mfumo tulitumia Jumapili mbili kuipa kila rafu anwani: C-04-2, yaani njia C, safu ya nne, ngazi ya pili. Kazi ya rangi na brashi tu, na kwangu mimi ndiyo nusu ya faida yote. Sasa mfumo unamwambia kijana aende wapi, achukue ngapi, na aanze na mzigo unaokaribia kuisha muda, sio ule ulio karibu na mkono.

Balaa lilitukuta wiki ya pili. Ziliingia katoni 60 za juisi, kila moja chupa 24. Kijana wa mlangoni akafungua katoni, akaskani chupa badala ya boksi, akaandika 60. Mfumo ukajua tuna chupa 60, kumbe zipo 1,440! Kesho yake mteja anataka katoni tano, mfumo unagoma, na juisi tunaiona imepangwa hadi karibu na bati. Kuangalia vizuri, bakodi (ile mistari inayoskaniwa) ya chupa ina tarakimu 13, ya katoni 14. Tangu hapo mlango wa kupokelea nampa mtu makini kuliko wote.

Wapo wanaotaja maroboti ya Amazon, kampuni ya Marekani inayouza bidhaa mtandaoni. Ni kweli, mwaka 2012 waliinunua Kiva Systems, watengenezaji wa maroboti ya ghala, kwa dola milioni 775, na zile mashine hubeba rafu nzima hadi alipo mfanyakazi anayechukua bidhaa. Ila roboti halijui sabuni wala juisi, linafuata namba liliyopewa na programu. Kwa hesabu kama ile yetu ya juisi, lingekaa tu.

Skana za bei ghali usizikimbilie, simu ya kawaida yenye kamera inatosha kuanzia. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aje apokee mzigo halisi mlangoni kwako, sio ule wa kwenye laptopu yake. Halafu muulize mtandao ukikata katikati ya kupokea, hesabu ya zile katoni zilizokwisha skaniwa inakwenda wapi. Wa kwanza aliyekuja kwetu alikohoa, akaomba maji.