Ukali wa haradali hauko kwenye mbegu

Tafuna punje moja kavu ya haradali. Mwanzoni hutahisi kitu. Mate yakishailowanisha, ndipo inaanza kuuma. Ndani ya punje kuna kimeng'enya (kichochea kemikali) kilichotengwa na kemikali nyingine, na mbegu ikipondwa kisha ikapata maji, hivyo viwili hukutana, ukali ukazaliwa papo hapo.

Kwa hiyo kama ndiyo mara yako ya kwanza kutengeneza haradali ya kupaka, usihangaike sana na vipimo. Hangaika na maji na saa. Maji ya moto huua kile kimeng'enya, ukabaki na uji mchungu usio na makali. Tumia ya baridi, hata ya friji. Siki nayo ina wakati wake: ukiitia mwanzoni kabisa, ukali haupandi, ukichelewa sana, unakuwa umeshapotea. Mimi nikishachanganya unga wa haradali na maji nasubiri kama dakika 10, naonja kwa ncha ya kijiko, na ikinipanda puani natia siki. Hiyo siki ndiyo inayoushika ukali ukae.

Kwa chupa moja ndogo napima vijiko 6 vya chakula vya mbegu, nazivunjavunja kwenye kinu (mashine ya kusagia kahawa inafaa pia, ila usizisage zikalainika), nusu kikombe cha unga wa haradali, nusu kikombe cha maji, vijiko 3 vya chakula vya siki na vijiko 2 vya chai vya chumvi. Ukipenda rangi ya manjano iliyokolea, weka binzari kidogo. Usiogope ikionekana majimaji. Mbegu zinakunywa, asubuhi utaikuta imekaza.

Mbegu zinapatikana kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, ambako wengi wanaziita rai. Zile nyeusi na za kahawia, za kutia kwenye achari, ni kali na ukali wake unakwenda puani. Za njano ni za upole, unazihisi zaidi ulimini. Anayeanza achanganye, za njano ziwe nyingi.

Sasa uchungu. Haradali ya siku ile ile ni chungu kweli, na hapo ndipo watu wengi wanapoimwaga au kuijaza sukari. Iache. Ifunike kwenye chupa ya kioo, siyo sufuria ya alumini maana siki huila, uiweke kwenye friji siku mbili tatu ndipo uihukumu. Asali kama unaitaka, itie wakati huo, ukishajua ladha yake halisi.

Kwenye mishikaki naipaka nyama ikishatoka jikoni, na kwenye mchuzi naikoroga nikishaepua, kwa sababu moto unaondoa ukali wote. Na mihogo ya kukaanga? Jaribu, pilipili itapumzika kidogo.