Kabla ya kuuliza nauli, uliza maji

Naishi Mtwara mjini, na kila ikikaribia Septemba simu huanza kuita. Rafiki wa Dar, binamu wa Dodoma, mtu aliyepewa namba yangu na mtu mwingine. Wanataka kuja kutembea kusini. Siku nne zinatosha? Tulale wapi? Boti ya kwenda Kilwa Kisiwani shilingi ngapi? Maswali mazuri yote, ila lile ambalo mvuvi yeyote wa huku angeanza nalo hawaliulizi: maji yatakuwaje siku hizo?

Mimi mwenyewe sikuwa naliuliza. Nililijua swali hili Songo Mnara, kisiwa cha magofu karibu na Kilwa, na aliyelipia ujinga wangu ni shangazi yangu.

Shangazi alikuwa amepita sitini, magoti yanamsumbua, lakini tangu utoto alikuwa akisikia habari za mji wa mawe kisiwani, na alitaka kuuona kabla miguu haijamkatalia kabisa. Tukafika Kilwa Masoko jioni, nikapatana na nahodha mwenye boti ya mashine. Akaniuliza tunataka kutoka saa ngapi. Nikamwambia saa tatu na nusu, tupate kunywa chai taratibu. Akatazama juu, mwezi ulikuwa mpevu siku moja iliyopita, akasema, "Kesho saa hizo maji yatakuwa yanakwenda zake. Tutoke alfajiri, au tungoje mchana. Bi mkubwa atapata tabu." Mimi nikadhani ananitafutia sababu ya kuongeza bei. Nikashikilia saa tatu na nusu.

Tulifika mbele ya mikoko karibu saa tano kasoro robo. Boti ikagota mchangani mbali na kisiwa. Mbele yetu palikuwa na tope, maji ya kufika magotini, tope tena, kisha mizizi ya mikoko imesimama nje kama vidole. Vijana tulishuka, tukatota, tukafika. Shangazi aliweka mguu mmoja, ukazama hadi nusu ya muundi, akaurudisha ndani ya boti bila kusema neno. Akajitanda kanga kichwani na kukaa pale juani na kijana wa nahodha. Tuliporudi saa saba bado maji yalikuwa hayajarudi vya kutosha, tukangoja wote hadi saa nane ndipo boti ikaelea. Njia nzima ya kurudi aliuliza kuhusu kuta: ndefu kiasi gani, milango bado ipo? Sijapata kujibu maswali kwa aibu kama siku ile.

Sasa nikupe hesabu ambayo nahodha yule alinifundisha wakati tunangoja, maana ni rahisi na ndiyo itakayokupangia safari. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Kwa hiyo siku mbili baada ya mwezi mpevu maji hukauka karibu saa sita mchana, ndiyo siku yetu ile. Siku zinazouzunguka mwezi mwandamo na mpevu ni za bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikipita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo. Ukiwa na kalenda ya mwezi ukutani au kwenye simu, unaweza kukadiria ukiwa bado Dodoma. Kisha mpigie nahodha uhakikishe, na akisema tofauti na hesabu yako, mfuate yeye.

Ukishaijua hesabu hiyo, kila sehemu ya pwani hii inapata saa yake.

Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale, ni karibu na Masoko, unavuka kwa mashua ya tanga au ya mashine kwa muda mfupi, na ni nyepesi kuliko Songo Mnara. Hata hivyo mashua ikikufikisha wakati bamvua limekauka utatembea majini kabla ya kufika Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye. Kibali unachukua kwanza kwenye ofisi ya magofu pale Masoko, na wewe kichukue siku moja kabla, kwa sababu ofisi haifunguki alfajiri na maji hayasubiri ofisi. Chukua mwongozaji. Bila mwongozaji utaona mawe tu. Ukiwa naye, Msikiti Mkuu utakuonyesha sehemu ya zamani ya karne ya 11 na ile iliyoongezwa baadaye yenye kuba. Simama chini ya kuba, nyamaza, kisha sema jambo kwa sauti ya kawaida, usikie inavyokurudia. Halafu tembea hadi Husuni Kubwa, kasri la mwanzoni mwa karne ya 14 lililo juu ya jabali la bahari. Kuna birika la kuogea la pembe nane. Ukisimama ukingoni unaelewa kwa nini sultani alitaka kukaa pale: kila chombo kinachoingia anakiona. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, enzi hizo hizo, dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikipitia hapa na vyombo vya kauri vya China vikishushwa hapa. Wenyeji wanaishi kisiwani mpaka leo, kwa hiyo unaingia kijijini kwa watu. Salimia. Vaa nguo ya heshima. Mtoto usimpige picha kabla hujaongea na mkubwa wake.

Watu wengi wanaipita Kilwa kwa siku moja wakikimbilia Mtwara. Naomba usifanye hivyo. Lala siku mbili Masoko, ili maji yakikukatalia leo yakukubali kesho.

Mtwara penyewe, wageni wangu nawapeleka Msimbati. Ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kiingilio unalipa getini. Kijijini unafika kwa daladala, lakini ukitaka kuendelea hadi Ruvula njia ni mchanga mtupu, hivyo patana na bodaboda anayeijua au nenda na gari la kuweza mchanga. Gesi asilia inayochimbwa Ghuba ya Mnazi ndiyo inayowasha taa zetu Mtwara, na mgeni hushangaa kuona kuwa ufukwe wenyewe umebaki kimya hivyo.

Msimbati siku ya bamvua inakupa vitu viwili kwa siku moja. Asubuhi, maji yakipwa, mwamba unatoka nje, na kina mama wanateremka na vijiti kuchokoa pweza. Niliwahi kuomba ruhusa nikafuatana na mama mmoja. Nilikuwa nakanyaga juu ya mashimo ya pweza bila kuyaona. Yeye alisimama, akanionyesha vipande vya makombe vilivyorundikana mbele ya tundu dogo: pweza akishakula hutupa maganda mlangoni kwake, ndiyo anwani yake. Akaingiza kijiti, akasubiri, akakisikiliza kwa mkono kama mtu anayepima mapigo ya moyo. Mkono wa kwanza wa pweza ulijizungusha kijitini, wa rangi ya jiwe lenyewe, kisha ukawa mwekundu mbele ya macho yangu. Sijawahi kuona kitu hicho kwenye tangazo lolote la utalii. Ukienda, vaa viatu vya raba vilivyofungwa, ndala zitakuponza kwenye mawe na kwenye wale viumbe wa miiba mirefu myeusi. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa. Makombe yaache, na akitokea wa kukuuzia gamba la kasa, kataa. Na ukitaka kula pweza, nunua kwa mama huyo huyo aliyekufundisha.

Mchana maji yanarudi, na kufika saa kumi bahari imejaa hadi karibu na minazi. Huo ndio wakati wa kuogelea. Wanaokuja saa nne asubuhi na nguo za kuogelea mkononi, wakakuta mchanga na nyasi za bahari, hurudi wakisema Msimbati hakuna kitu.

Mikindani nayo ni ya jioni ya bamvua. Ghuba ikikauka ni matope na mikoko. Ikijaa ni sinia la fedha, na watoto wanaruka majini kutoka kwenye mitumbwi. Panda kilima kilicho nyuma ya Boma la Wajerumani la mwaka 1895, keti juu, tazama. Mmisionari na mvumbuzi Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 kwenda bara.

Siku zikiwa mbaya baharini, usizilazimishe. Kusini kuna nchi kavu ya kutosha. Nenda Newala, usimame Shimo la Mungu, pale Uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kutandaa hadi Msumbiji. Fika asubuhi na mapema, na ubebe maji yako ya kunywa, maana maji juu ya uwanda huu ni shida ya miaka mingi na haifai mgeni kuwapunguzia wenyeji. Kwa upande wa Lindi kuna Tendaguru, kilima ambacho Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Mmoja wa mijusi ile amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kilimani mifupa hiyo huioni, nakwambia mapema usije ukalaumu. Lakini mimi niliona inafaa kufika, kwa sababu mizigo ile ilibebwa na babu zetu vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani. Jina lake lingefaa lijulikane kuliko linavyojulikana.

Kuhusu majira: mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na barabara ya Dar huweza kuleta shida. Juni hadi Agosti kusi linavuma, bahari inachafuka hasa mchana, kwa hiyo safari za boti ziwe za asubuhi. Septemba hadi katikati ya Novemba ndio wakati ninaowaambia wote waje. Upepo umelegea, maji ni meupe, nyangumi hupita nje huko hadi mnamo Oktoba, na mikorosho imeiva: harufu ya mabibo inakupokea kabla hujashuka basi. Njiani, basi likisimama Mnazi Mmoja ya Lindi, nunua ming'oko iliyochemshwa. Ni mizizi ya porini, unaimenya kwa vidole, na huko kwenu hutaipata.

Boti nayo, usione haya kuuliza. Uliza jaketi za kuokoa maisha kabla ya kulipa, moja kwa kila mtu, na uzivae. Uliza kama kuna mafuta ya akiba. Boti ikishajaa watu, ngoja nyingine. Na nahodha akisema leo hapana, usiende kumtafuta mwingine atakayesema ndiyo.

Shangazi nilimrudisha Songo Mnara mwaka uliofuata. Safari hii nilimpigia nahodha yule yule wiki mbili kabla, nikamwambia apange yeye siku na saa. Alichagua siku ya tano baada ya mwezi mpevu. Tukatoka Masoko saa kumi na mbili asubuhi, chai kwenye chupa. Tulipofika maji yalikuwa ndani ya mikoko, boti ikapenya katikati ya matawi hadi karibu kabisa, na shangazi akashuka, maji yakimfika chini kidogo ya goti, nimemshika mkono mmoja na kijana wa nahodha mwingine. Alitembea polepole kwenye nyumba zile, zaidi ya 30, akiingia kila mlango na kuuliza huyu alilala wapi, huyu alipikia wapi. Kisha akakaa kwenye ngazi za kushukia uani katika nyumba moja, akavua viatu vilivyolowa, akaniambia nimwache hapo kidogo.